Namba Kumi na Nne Imebaki Wazi

Alhamisi, 1 Julai 1976

Madaftari ya darasa la tano yamesahihishwa. Maji mitungi miwili. Vumbi limeingia hadi kwenye chumvi.

Anjelina kaleta maziwa tena. Kaacha kibuyu mlangoni, kakifunika kwa jani la mgomba, kaondoka kabla sijamshukuru. Tangu nilipougua malaria mwezi wa tatu hajaruka wiki. Mimi Mpare, yeye Muha wa Kitahana aliyeolewa hapa Murungu kwa Warundi. Hatuna undugu. Naandika ili nisije nikazoea.

Jioni Salvatori, mumewe, kapita na swali lake la wiki. Kwa nini yeye na mkewe walielewana siku ya kwanza, yeye kwa Kirundi, mwenzake kwa Kiha, na mimi hapo katikati sipati kitu? Tukahesabu hadi kumi, kila mtu kwa kwao. Kwenye tatu tukakutana wote. Tukafurahi kama tumeokota kitu njiani.

Jumamosi, 3 Julai

Hamisi kafika kwa lori la Kasulu, nywele nyekundu kwa vumbi. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu, kijana wa Lindi, anakusanya maneno ya Kiha kwa ajili ya kazi yake ya mwisho. Alisikia kwamba Murungu kuna mwalimu na mkimbizi wanaokaa Jumamosi kubishana juu ya maneno bila kulipwa na mtu. Alidhani anataniwa. Hii ni mara yake ya tatu kuja.

Sijui nimshukuru nani kwa Jumamosi hizi. Nilipopangiwa Kibondo nililia. Sasa naogopa kuhamishwa.

Mpango: Salvatori aende naye Rungwe Mpya, ana ndugu huko. Warudi Jumamosi ijayo. Mimi nimeachiwa kinasa sauti nimrekodi Anjelina, maneno mia moja. Orodha nimeiandaa mwenyewe, mistari kwa rula, namba pembeni. Kanda ni ile ile aliyorekodia wazee wa Kasulu wiki mbili. Kanda nyingine hana. Kanionyesha pa kuanzia.

"Dada, usiguse kitufe chekundu ovyo," kasema. "Humo ndani ndimo ilimo shahada yangu."

Jumanne, 6 Julai

Nimemrekodi Anjelina baada ya vipindi. Mtoto mgongoni, kalala. Kazi imekwenda vizuri. Jua, mwezi, nyota, upepo. Namba 14, mvua, kasimama. Kasema maneno mengi ambayo maana yake ni "yale yanayotoka juu". Nikamwambia nataka neno moja. Kacheka, katazama nje.

Nikaruka. Tulipomaliza mia nikarudi. Tisini na tisa zimejaa na moja wazi. Mwanya ule uliniuma jicho.

"Hilo niache, mwalimu," kasema.

Nikamwambia ni mashine tu. Nikamwambia kwa Kiswahili anasema mvua kila siku, kuna ubaya gani. Nikamwambia anamsaidia Hamisi. Kafunika mdomo kwa upindo wa kitenge, kalisema. Pole pole sana, lakini mashine imelinasa.

Nimejaza. Orodha kamili. Nimeridhika.

Jumatano, 7 Julai

Siku mbaya.

Wanawake wa jirani walikuja jioni kusikia mashine inayosema. Mama Salvatori, mama mkwe wa Anjelina, alikuwamo na beseni lake la mihogo. Nikawapigia kanda. Walicheka, kila neno wakilirudia. Anjelina alikuwa kisimani, hakuwapo kunizuia.

Neno la mwisho lilikuwa la namba 14.

Kicheko kilikatika. Mama Salvatori akanyanyuka, akachukua beseni, akaondoka bila kuaga. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Roza, jirani yangu wa upande wa shule, ndiye aliyebaki kunieleza. Baba yake Salvatori alizaliwa siku ya mvua kubwa, akapewa jina la hiyo mvua. Mkazamwana halitaji jina la baba mkwe. Halitaji na kitu chenye jina hilo. Anatafuta njia ya kuzunguka, maisha yake yote. Kiswahili hakina shida, kwa sababu si lugha ya nyumba ile. Lugha ya nyumba ndiyo yenye mwiko.

Na mimi nimelitangaza kwa sauti yake mwenyewe mbele ya mama mkwe.

Kabla jua halijazama Anjelina alionekana njia ya Kitahana, mtoto mgongoni, kifurushi kichwani. Amerudishwa kwao.

Mama yangu hajawahi kumwita babu kwa jina. Humwita "mwenye nyumba ya juu". Nimekua nikisikia. Nilijua, na sikufikiri.

Ijumaa, 9 Julai

Nimekwenda kuomba radhi. Sikuvuka ua. Mama Salvatori alikuwa anapepeta maharage, hakuinua uso.

"Huko kwenu Upare wakwe wanaitwa kama mbuzi?"

Nikasema hapana, mama. Akasema, "Basi ulijua." Akaendelea kupepeta.

Mzee, mumewe, halali nyumbani. Anakula kwa ndugu yake ng'ambo ya kijito, hataki kuingia mahali alipotajwa. Roza anasema jambo kama hili likiachwa likapoa, huwa halisuluhishwi tena. Ndugu wa mwanamume humtafutia mke mwingine. Anjelina ana mtoto ambaye hajaacha kunyonya.

Aibu. Hakuna neno lingine na silitafuti.

Jumamosi, 10 Julai

Wamerudi kutoka Rungwe Mpya wakicheka, Salvatori amebeba mkungu wa ndizi. Nikawaeleza nikiwa nimesimama. Nikasema ni mimi, si Anjelina. Alikataa, nikamshurutisha.

Salvatori hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kaweka mkungu chini, kakaa juu ya jiwe. Kasema kosa ni lake pia, alisafiri akatuachia orodha bila kuipitia. Si kweli, na nilimshukuru kwa kusema.

Akaenda kwa mama yake. Kurudi ni usiku umeingia. Masharti mawili. Mwenye kosa alete pombe ya ndizi, yaani mimi. Na ile sauti iliyomo kwenye mashine itoke.

Hamisi akasema kulifuta neno moja ni kazi ndogo. Salvatori akatikisa kichwa. "Mama hataki neno moja. Anasema nani atamhakikishia limeishia wapi. Anataka upande wote wa kanda."

Upande huo ndio wenye wazee wa Kasulu.

 Hamisi akaomba maji, akanywa, akasema tutakwenda kesho. Sijawahi kumheshimu mtu wa umri wake namna hiyo.

Jumapili, 11 Julai

Baada ya ibada. Pombe nimeinunua kwa Roza, vijana wawili wa darasa la saba wakanisaidia kuibeba. Ndugu wamekaa uani. Mzee kaja, lakini kaweka kigoda nje ya ua, mgongo kwetu.

Nikapiga magoti. Nikasema kwa Kiha kibovu nilichojifunza. Mtu mmoja alikohoa kuzuia kicheko. Nikaendelea.

Hamisi akaweka mashine katikati. Mama Salvatori akauliza sauti inatolewaje. Hamisi akaeleza kwamba haichomolewi kama mwiba. Lazima sauti nyingine ilazwe juu yake. Hata ukimya unatosha. Mashine itazunguka, sote tutanyamaza mpaka upande uishe.

"Ninyamaze nyumbani kwangu?" Mama Salvatori kauliza. "Nitalala juu yake mimi mwenyewe. Bonyeza."

Hamisi akabonyeza.

Akaanza. Kwanza alimsema Salvatori, kwamba amezeeka kwa maneno na shamba linamngoja. Kisha mimi, mwalimu anayelipwa kufundisha watoto akaona hawamtoshi. Watu wakacheka. Kisha kaeleza mbegu za maharage alizozileta kutoka Burundi alipokimbia, amezifunga kwenye pindo la nguo, vyakula vingine vyote vimeachwa motoni. Namna zilivyoota hapa. Majina ya kila aina, ya madoa, ya nyekundu, ile inayopikiwa mzazi. Njia waliyopita, mito, nani alibebwa. Akaimba kidogo. Akakosea, akajigombeza, akaanza upya.

Hamisi hakuandika chochote. Alikuwa ameinamisha kichwa karibu na mashine. Machozi yalimtoka, akasingizia moshi.

Kitufe kikaruka chenyewe, upande umeisha. Mama Salvatori akasema, "Yule wa humo ameondoka?" Hamisi akasema, "Ameondoka, mama. Umebaki wewe."

Ndipo mzee akasema neno lake la kwanza, bado akiwa ametugeuzia mgongo. Alitaka kumsikia mkewe tena, kuanzia kwenye mbegu. Hamisi akarudisha kanda. Kufika kwenye mto wa pili mzee alikuwa amesogeza kigoda ndani ya ua.

Jumatatu, 12 Julai

Salvatori kaondoka alfajiri kwenda Kitahana na baiskeli yangu. Nimefundisha bila kusikia ninachofundisha. Saa kumi na moja nikawaona wanateremka kilima, yeye anasukuma baiskeli, Anjelina na mtoto nyuma yake.

Sikwenda. Si siku yangu.

Hamisi kaniambia wazee wa Kasulu atawafuata tena, watamcheka tu. Ila anataka kubadilisha swali lake. Anataka kuandika yale ambayo watu wanayajua na hawayasemi. Kaniuliza kama nitamsaidia. Nimesema ndiyo, lakini orodha aandae Salvatori.

Jumatano, 14 Julai

Kibuyu mlangoni. Jani la mgomba juu.

Safari hii nilimuwahi.  Nikasema "nisamehe". Kasema maziwa ni ya asubuhi, niyachemshe upesi. Kisha kasema, "Mama sasa anataka mashine kila Jumapili. Mmetuletea balaa, mwalimu." Kaondoka akicheka.

Nimekaa kizingitini mpaka kengele ya shule. Nimeshukuru Mungu kwa majina yao, mmoja mmoja. Jina moja sikulitaja. Mungu analijua.

Jumamosi, 9 Oktoba

Madaftari bado. Hamisi karudi chuoni. Orodha nimeinakili upya kwa wino. Tisini na tisa zimejaa. Namba 14 nimeiacha wazi, mstari wa rula peke yake. Nautazama na hauniumi tena.

Mchana joto kali. Salvatori na mimi tulikuwa chini ya upenu wa jiko lao tukibishana kuhusu majina ya vidole. Kukaingia giza upande wa Kitahana. Mabati ya shule yakaanza kulia.

Anjelina akatoka na chungu, akakitega chini ya mchirizi. Akanyoosha kiganja nje, akakitazama.

"Yametoka juu," kasema.

Nikamjibu kwa Kiha, kwa maneno yale yale. Ndiyo. Yametoka.