Diski za Gari la Baba

Morochata, 14 Septemba 2024

Kaka yangu mpendwa Rufino,

Pokea salamu zangu, za mama na za nyumba nzima. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi yangu Graciela na watoto, na kwamba baridi ya Buenos Aires imeanza kukuachia mgongo. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini jua likishawaka hakuna anayemkamata. Viazi vimekubali mwaka huu, na chuño, viazi vyetu vya kugandishwa kwa baridi, tuliyoanika Juni imekauka vizuri sana. Nimekuwekea gunia.

Zingekuwa salamu peke yake, ningekupigia simu. Haya mengine nimeona niyaandike, ili nisipate nafasi ya kukata simu katikati.

Unajua kwamba tangu baba atutoke, gari lake kubwa la kijani liko mikononi mwangu. Pengine hujui kazi linayofanya. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi nawapeleka watu watatu wa hapa hadi Cochabamba, hospitali, wakasafishwe damu kwa mashine, maana figo zao zimeacha kazi. Mmoja ni Don Casimiro, yule mpiga tarumbeta. Wakikosa siku moja miguu inavimba. Wakikosa wiki, hatuna la kuzungumza. Tunapanda hadi kileleni penye baridi, kisha tunateremka saa nzima ya kona hadi Quillacollo. Huko kwenye mteremko, Kaka, mtu anaishi kwa breki.

Mwezi Julai kanyagio lilianza kutetemeka chini ya mguu wangu, na usukani nao ukafuata. Nikampelekea fundi wetu, Don Ovidio. Akafungua magurudumu ya mbele, akapima diski za breki, akanionyesha maandishi madogo kwenye ukingo: zisipungue milimita ishirini na nne. Zilikuwa zimebaki ishirini na mbili, tena zimepinda. Akaniambia, "Doña Delmira, ukimpandisha mtu humu tena, usiniite mazishini." Nikaacha gari palepale nikarudi kwa miguu.

Nikadhani ni kazi ya siku moja. Nikateremka mjini, nikaingia duka kubwa la spea, nikataja gari na mwaka wake. Kijana akatazama kompyuta, akanitolea diski mbili mpya zinazong'aa. Don Ovidio alipozipachika, matundu sita ya bolti yakaingia yote sawasawa, tukaanza kucheka. Kisha akazungusha gurudumu kwa mkono. Likalia kama sufuria inayokwanguliwa. Diski ilikuwa imekaa ndani mno, upana wa kidole, inasugua chuma kinachoshika pedi. Nikazirudisha. Wakanipa za aina nyingine, wakisema mwaka ule kiwanda kilitoa aina mbili. Hizo zilikuwa kubwa mno, hazikuingia kabisa. Don Ovidio, kwa kutaka kunisaidia, akasema atazipunguza ukingo kwa mashine ya kusagia. Nikamwambia breki si kucha. Akanuna siku mbili.

Wakati huo watu wangu walikuwa wanasafiri juu ya lori la viazi, wamejifunika maturubai. Alhamisi moja Don Casimiro alishushwa akiwa rangi ya majivu, hawezi hata kuvua kofia. Akaniuliza kama gari limepona. Nikasema bado. Akasema, "Usiharakishe, binti yangu, mimi nina nafasi." Nililia jikoni, mama akanisikia akaongeza sauti ya redio ili nilie vizuri.

Siku iliyofuata nikafanya nililopaswa kufanya tangu mwanzo. Nikaifunga diski moja kuukuu ndani ya awayo, nguo yetu ya kubebea, nikaibeba mgongoni kama mtoto, nikaenda nayo soko la La Cancha, upande wa vyuma. Kilo tisa, Kaka, na kutu yake ikanichora mgongo mzima. Nikaingia vibanda kumi na moja. Kote swali lilikuwa lilelile, gari gani, mwaka gani, na kote jibu likawa zile zile mbili zilizokataa. Mmoja akanicheka, akaniuliza kama mtoto ananyonya.

Kibanda cha kumi na mbili kilikuwa cha mama mnene mwenye misuko miwili mirefu ya nywele, Doña Basilia, anakula supu ya karanga. Nikaanza kumtajia mwaka. Akaniinulia kijiko. "Usiniambie mwaka. Nipe chuma." Akapangusa mikono, akatoa kipimo cha fundi. Akapima upana, akapima unene, akapima tundu la katikati, kisha kile ambacho hakuna aliyekipima: kina cha kikombe cha diski, ile sehemu ya katikati iliyoinuka, kutoka uso wake hadi mgongo. Akapima tena.

"Hii si ya gari lako," akasema. "Hii ni ya pikapu za kiwanda hichohicho, za miaka ya nyuma. Mtu aliwabadilishia habu za mbele, zile zinazoshika gurudumu. Gari lenu liligonga nini?"

Nikamjibu kwamba sijui. Akapanda ngazi, na ngazi ikalia, akateremka na maboksi mawili yenye vumbi la miaka. Akaiweka diski mpya juu ya ile kuukuu, tundu juu ya tundu, ukingo juu ya ukingo. Zilikuwa pacha. Nilimkumbatia yule mama hadi supu ikamwagika. Akasema supu haina neno, nimwachie shingo tu.

Nikafika Morochata nimezibeba zote. Don Ovidio akafuta mafuta ya kiwandani, akaipachika ya kwanza. Ikaingia, ikatoa mlio mdogo wa kukaa mahali pake, na alipozungusha gurudumu hapakusikika kitu. Akazungusha tena, kwa raha tu. Tukatia pedi mpya, nikaenda uwanja wa shule nikafunga breki mara ishirini, taratibu, ili pedi na diski zizoeane.

Jumamosi nikawapakia watu wangu. Pale kileleni Don Casimiro alinunua kikombe cha api ya moto, ule uji wetu wa mahindi, kimejaa hadi mdomoni, akakataa kukinywa. Akakishika magotini mteremko mzima, kona zote, hata pale kwenye kona kali ya maporomoko. Tulipofika Quillacollo akatuonyesha suruali yake, kavu. Ndipo akanywa api imeshapoa, na wale wawili nyuma wakampigia makofi. Nilishuka nikazunguka gari kama vile nimelizaa mimi. Sijawahi kujisikia mtu mkubwa hivyo, Rufino.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Nilimdanganya Doña Basilia. Nilijua gari liligonga nini.

Ni mwaka 2003, siku ya pili ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. Wewe ulikuwa umelala mchana kwa uchovu wa ngoma. Nilitoa funguo kwenye koti lako nikaenda kujifunza kuendesha peke yangu, nikagonga mwamba pale kwenye kivuko cha mto, gurudumu la mbele likalala upande. Nikakimbia. Nikarudisha funguo mfukoni mwako. Baba alizikuta huko. Uliapa si wewe, hakuna aliyekuamini, akakukataza kugusa usukani wake maisha, na kabla ya Krismasi ulikuwa umepanda basi la Buenos Aires. Baba akalitengeneza mwenyewe kwa vyuma vya gari jingine alivyovipata, na nyumbani jambo hilo halikutajwa tena. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikanyamaza. Kisha nikawa na ishirini, na thelathini, na arobaini.

Jumapili baada ya misa nilimwambia mama. Alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini akasema, "Mwanangu alisimama mlangoni pale akilia, nami nikamwambia aache uongo." Hakunigombeza zaidi ya hapo. Mchana akatoka, akapita nyumba hadi nyumba, kwa magoti yale, akiwaambia majirani ni nani aliyegonga gari mwaka ule. Hakuruka mlango hata mmoja.

Nisamehe, Kaka. Ukihitaji muda, chukua. Lakini Novemba tunamwandalia baba meza ya Watakatifu Wote, ya vyakula alivyovipenda marehemu, na nakuomba uje. Nitakupokea kituoni Quillacollo na gari. Utaendesha wewe, mimi nitakaa pembeni.

Wasalimie wifi na watoto, uwabusu kila mmoja kwa jina lake. Don Casimiro anakusalimu sana. Mungu awalinde huko mliko.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukupenda na kukukosea,

Delmira

Mama ameniomba kalamu, aandike mwenyewe:

Rufino mwanangu, nilikosea mimi pia. Njoo nyumbani. Mama.