Kadi Ninayo, Sindano Alidungwa Scovia

Mpendwa Mama Anyango, naomba msaada wako upesi kabla mwezi wa Idi haujaandama, maana maji yamenifika shingoni na aliyeyafungulia ni mimi mwenyewe. Nakaa Tororo, mume wangu Swaliki ni dereva wa lori, na mama yake, Bi Aidah, anakaa Busia upande wa Kenya, na kila Idi sisi huvuka kwenda kula kwake ukoo mzima, watu hawapungui arobaini, masinia yanapangwa uani na kikombe cha maji ni kimoja kinazunguka. Mwaka huu kuna kipindupindu, wewe mwenyewe unajua, watu wamekatazwa kukusanyika hata msibani, wapika chapati wamefukuzwa sokoni, na havuki mtu mpaka wala kizuizi cha njiani bila kadi ya sindano.

Sasa Mama, mimi sindano naiogopa tangu utotoni, si kuogopa kwa mchezo, nikiiona tu nakimbia. Madaktari walipokuja kudunga watu mtaani kwetu ilikuwa siku ya pili ya mfungo, nami nikapata la kusema, nikasema sindano itanifunguza, na wala sikuwa nimemwuliza shehe. Kuna mwanamke anaitwa Scovia, mtu mzima wa Merikit, Mkristo, ambaye huja kunisaidia kufua, nikamwambia wewe hufungi, nenda upange foleni useme wewe ndiye Zubaida, nami nitakupa nusu mche wa sabuni, na unajua sabuni ilivyo adimu huku kwetu siku hizi. Akaenda, akarudi na kadi yenye jina langu na muhuri umekaa vizuri kabisa. Jirani yangu Hadijah alipoiona naye akamtuma kesho yake, kituo cha sokoni, kwa sababu ileile ya mfungo. Scovia akaniambia, "Mama Wahabi, mimi nakwenda, lakini leo napeana hii mkono ingine, ile ya jana imekataa kupanda." Alidungwa tena, akalala na homa siku tatu, na mpaka leo hana kadi ya kumrudisha kwao, kwa sababu sindano zote mbili alidungwa kwa majina ya watu.

Kinachoniua zaidi ni Swaliki. Yeye ananisifu kwa kinyozi, nimemsikia kwa masikio yangu, "Mke yangu alisimama wima, hakukunja hata uso. Mimi ndio walinishika watu mbili!" Nikisikia hivyo naona haya hata kumpakulia futari. Tena sasa tunaambiwa pale mpakani hawatazami kadi peke yake, wanataka kuona bega, na wanajeshi wamesimama pembeni, anayepatikana na kadi ya uongo anapandishwa kwenye gari, na huku kwetu mtu akishapandishwa kwenye gari hatuulizi amekwenda wapi. Juzi nilitia kijiko motoni nijichome begani nipate alama, kikanigusa kidogo tu nikapiga ukelele hadi Hadijah akaja mbio akidhani ni mwizi.

Utaniambia basi nisiende, nijitie mgonjwa. Siwezi, Mama. Bi Aidah hajamwona mwanangu Wahabi, naye ana miezi minane, maana tangu nitoke arobaini mara mpaka unafungwa, mara kipindupindu. Jicho moja la Bi Aidah limeshakufa, na la pili limeingia ukungu na daktari amesema halitibiki. Alituma salamu kwa dereva mwenzake Swaliki, "Mwambie Zubaida aniletee mtoto Idi hii. Akichelewa nitamshika tu, sitamwona." Nililia sana. Mama huyo alinipokea kama mwanawe, nami nitamwambia nini?

Niende au nisiende? Barua hii nimempa mtu avuke nayo, posta ya kwetu ina watu wanaosoma kabla yako, na jibu nitalipata gazeti likiletwa huku limefungia dagaa. Tafadhali sana usitaje jina langu.

Ni mimi Zubaida, mke wa Swaliki wa lori, nyumba ya pili nyuma ya msikiti, Tororo.

MAMA ANYANGO ANAJIBU

Bibi mwenye kadi, majina nimeyabadilisha yote, pamoja na msikiti, maana wewe umeniomba nikufiche huku ukinichorea njia ya kufika kwako. Siku nyingine ukitaka siri, usisaini.

Pole. Kuogopa sindano si dhambi, na mumeo anaiogopa kuliko wewe. Kumsingizia Mungu ndiko kubaya. Mwulize shehe wako leo, hata kwa kumtuma mtu ukitaka, maana kutuma watu ndiyo kazi uliyozoea. Na hicho kijiko kirudishe kwenye mchuzi. Mtu anayeweza kushika kijiko cha moto mwenyewe anaweza kushikiwa sindano.

Sasa nisikilize vizuri. Umeniandikia kurasa nne. Nimesoma bega, nimesoma gari, nimesoma wanajeshi. Umeuliza wewe utakamatwa au hutakamatwa. Hukuuliza hata mara moja kama mtoto atashikwa na kipindupindu. Ugonjwa huu hausomi kadi, bibi. Mtoto wa miezi minane hadungwi. Anaanza kuharisha asubuhi na jioni mnamtafutia sanda. Huyo ndiye unayetaka kumpeleka kwenye ua wa watu arobaini wenye kikombe kimoja?

Idi yenyewe mtakula Tororo, nanyi mtakuwa watatu, na hakuna atakayekufa kwa upweke wa siku moja.

Kesho asubuhi nenda ukadungwe. Daftari lao linasema Zubaida ameshadungwa, kwa hiyo jiandikishe kwa jina la Scovia, na kadi umpelekee mwenyewe, pamoja na mche mzima wa sabuni na neno la samahani. Hapo kila mmoja atakuwa na sindano mwilini na kadi mkononi, na sioni aliyedhulumiwa. Wenye serikali nawaomba waruke mistari hiyo, waende moja kwa moja kwenye habari za mpira. Hadijah naye mvute mkono mwende pamoja.

Usiku huo mwambie Swaliki ukweli, akishafuturu, si kabla. Atafoka. Mwache afoke, ana haki. Na asiende kwa kinyozi wiki nzima.

Sindano inataka siku sita kabla haijafanya kazi, nao wageni wa Idi wanataka kama hizo kuondoka. Mtumie Bi Aidah salamu kwamba mnakuja siku ya kumi baada ya Idi, mkiwa na maji yenu yaliyochemka na kikombe chenu, na mtoto asionje kitu ila ziwa lako. Mwambie sababu, usimfiche. Mama aliyelea watoto mpakani anajua kungoja kuliko sisi sote.

Mfike saa nne asubuhi, jua likiwa juu na mwanga mzuri. Mkalishe Bi Aidah uani. Nawa mikono, mpe mtoto ampakate, halafu wewe nyamaza. Usimweleze mtoto anafanana na nani. Mwache amtazame mpaka atosheke.