Msonobari Ulioangukia Banda Letu

Harrow Hill,
New Hampshire,
9 Juni 1776.

Mpendwa mdogo wangu Josias,

Pokea salamu za dada yako, ambaye bado ana meno yake yote na ulimi wake uleule. Hujambo? Mgongo unaendeleaje na hiyo kazi ya kuchonga milingoti ya meli za Mfalme huko ng'ambo? Mkeo Hester amepona kikohozi? Sisi huku ni wazima, Mungu ashukuriwe. Njegere zimeshika, nguruwe kazaa, na mume wangu Eliphalet amerudi kutoka vitani Boston. Anachechemea kidogo, lakini anakula kama watu watatu.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa nahodha Mholanzi. Niliposoma kwamba mwanao Giles ameandikishwa jeshini na analetwa huku kupigana nasi, nililia, Josias. Giles, niliyemwogesha mwenyewe siku aliyozaliwa!

Unauliza ni shetani gani katuingia hata tukamgeuka Mfalme, na lawama zote unamtwika Eliphalet. Masikini shemeji yako! Hakuna aliyempenda Mfalme kama yeye. Kila siku ya kuzaliwa ya Mfalme alitusimamisha sote na njaa zetu, tumtakie afya kwa pombe ya tufaha, ndipo tule. Nilikuwa nikimtania, "Huyo Mfalme wako anakujua hata jina?"

Chanzo ni mti. Ile alama ya miti inayotengwa kwa milingoti ya Mfalme unaijua, mapigo matatu ya shoka kama unyayo wa kunguru. Msonobari mkubwa kuliko yote shambani kwetu uligongwa alama hiyo, ukawa wa Mfalme. Hatukunung'unika. Miaka minne iliyopita, kabla ya majira ya baridi, dhoruba ikauangusha juu ya banda, ukamuua ng'ombe wetu wa maziwa. Eliphalet akaenda, kofia mkononi, kuomba ruhusa auondoe.

Mkaguzi wa misitu ya Mfalme akaja, akautazama, akasema, "Mti ni wa Mfalme. Usiuguse mpaka tuje kuuchukua."

"Na ng'ombe aliye chini yake, bwana?"

"Ng'ombe ni wako."

Hakuja mtu. Baridi yote mti ukalala juu ya banda, na ng'ombe waliobaki tukawalaza jikoni. Umewahi kulala nyumba moja na ng'ombe? Wanakoroma kuliko Hester, na mwambie ni mimi niliyesema. Tukapeleka malalamiko kwa wakubwa, kimya. Hapo ndipo Eliphalet alipochomwa moyo. "Namwombea kila siku," akaniambia, "na yeye hana hata sikio la kunipa?" Sikumtania tena. Nilimwonea huruma.

Theluji ilipoyeyuka, majirani wakaja mchana kweupe na misumeno na maksai wao, wakaupasua mbao. Mkaguzi akafika anafoka, "Mtanitambua! Nyote mtanitambua!" Mimi na wake wa majirani tukampandisha farasi wake, uso ukielekea mkiani, tukamtia mkate wa mahindi mkononi asife njaa njiani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Baadaye nikaogopa kwelikweli, maana nilijua hapo pa kurudi hapapo tena.

Tangu siku hiyo kila habari ilitukuta tumeshaiva: kodi tusizoulizwa, bandari ya Boston kufungwa, askari kujazana mjini. Mwaka jana tuliposikia wakulima wenzetu wa Massachusetts wamepigwa risasi na askari hao, Eliphalet alimaliza uji wake, akachukua bunduki ya kuwindia, akaondoka. Siku hizi watu wanasema waziwazi kwamba tujitawale wenyewe. Mimi naona tulianza zamani, pale bandani, ila tuliona haya kulitaja.

Sasa nije kwa Giles, maana ndiye anayeninyima usingizi. Nilimuuliza Eliphalet atafanya nini wakikutana. Alichonga kijiti muda mrefu, kisha akasema, "Akiielekeza bunduki kwangu, Tabitha, na mimi ninayo yangu." Nikageuka niondoke. Akanishika mkono. "Akiiweka chini, ni mtoto wa nyumba hii. Na atakayemgusa atanikuta mimi mlangoni."

Basi mwandikie upesi, kabla hajapanda meli. Mwambie, kwa mapenzi ya shangazi yake, akifika huku aiweke bunduki chini. Aulize njia ya Harrow Hill, kwenye banda jipya kuliko nyumba. Kazi ipo, ardhi ipo, na wasichana wa hapa si haba.

Nisalimie Hester, shangazi Philippa na watoto wote. Mungu awatunze, na bahari hii iliyo kati yetu isitufanye wageni.

Nimesahau kukwambia: ubao mpana kuliko zote wa ule mti tumeufanya meza. Eliphalet alikataa kuiranda ile alama, ipo juu hapohapo, na watoto wangu hawapendi kukaa mbele ya alama hiyo. Mahali hapo nimempa Giles. Jana niliweka sahani yake nijaribu, ikaifunika alama yote. Sahani sijaiondoa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa vita na kwa amani,

Tabitha