Kopo la Pwipwi

Nakivale, Juni 2012

Baba Divine,

Salamu mingi kutoka nyumbani, hapa kambini. Maharagwe yamekomaa, na mbuzi wa jirani yetu Sonia wamekula fasi yote niliyopanda mihogo.

Jana Sonia alileta redio yake uani, bamama ba jirani bakaja, tukakusikia uko Mbarara unasoma mashairi yako ya upuzi:

Jogoo kavaa kofia ya supu,
Kaposa kijiko kwa kopo la pwipwi;
Kijiko kikanuna, kikasema, “Hupu!
Shangazi yangu anataka mbwimbwi!”

Bamama bote bakacheka mpaka machozi. Mimi pia nilianza kucheka. Kwa upuzi kama huo ndiyo nilikupenda. Halafu mtangazaji akakuuliza, “Mwandishi, pwipwi ni kitu gani?” Ukajibu kwa raha, “Halina maana, dada. Nimelibuni tu, watu wacheke.”

Nilitema mate chini, mbele ya wageni. 

Ulibuni nini, wewe? Pwipwi ni maji. Mutoto wetu Divine hakujua kusema maji, alisema pwipwi. Njia yote tulipokimbia vita kule kwetu Fizi alikuomba wewe, kwa sababu wewe ndiye ulimubeba mugongoni: “Papa, pwipwi. Papa, pwipwi.” Mpaka akanyamaza, asiamuke tena.

Jogoo wako mupe kofia, mupe hata suruali. Lakini neno hilo litoe katika kinywa chako. Lina mwenyewe.

Ni mimi, ambaye bado wananiita
Mama Divine