Ijumaa Nilipokuacha Peke Yako Lopitali

Mama Divine,

Sikusalimu. Salamu iko ya mtu anayeweza kujibu, na wewe ulifunga mdomo ukaenda, ukatuachia fujo. Mi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, kule Uvira, kwa hiyo mwandiko huu ni mbaya. Uvumilie. Ulinivumilia mabaya kuliko haya.

Nikupe habari kwanza. Nyumba yako ya hapa kambini Dzaleka wamepewa bantu wengine, wamebomoa jiko lako, wanafuga bata. Kwenye kwaya, nafasi yako ameshika dada mmoja anayeimba kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Ulifikiri kwaya itasimama kwa sababu yako? Haikusimama hata wiki.

Na Divine iko lopitali, Lilongwe. Usishtuke, hajafa. Mimba yake ni ya miezi saba, damu inatoka kidogo kidogo, daktari amesema asishuke kitandani mpaka azae. Lopitali za huku unazijua: nesi anachoma sindano, lakini uji, kuogesha, kufua, kutupa beseni, ni kazi ya mtu uliyekuja naye. Huna mtu, umekwisha. Wewe unajua kuliko mimi.

Sasa niseme lile jambo.

Ulipolazwa, bapasta wawili na padri wetu walikaa mezani, wanaume watupu, wakaandika karatasi: makanisa matatu yatashirikiana kumwangalia mgonjwa. Sisi Wakatoliki, Jumatano mpaka Ijumaa. Ijumaa jioni bamama wa Sabato wapokee. Jumatatu wapokee bamama wa kanisa lako la Pentekoste. Wakapigwa picha, wakacheka meno nje. Hakuna aliyeuliza mwanamke hata mmoja. Jua la Ijumaa likizama Msabato hasafiri, hapiki. Hata mtoto anayenyonya hapa Dzaleka anajua hiyo. Bamama wa Sabato waliona karatasi wakasema, hii wamekosea, watarekebisha. Hawakuuliza. Bamama wa kwenu wakasema, sisi Jumapili ni ibada, si wengine wapo? Hawakuuliza.

Mi nilikuwa pale na wewe. Saa kumi nikafunga kikapu changu. Ukanitazama ukasema, "Mama Zawadi, leo ni Ijumaa." Polepole, kama unamfundisha mtoto. Nikakujibu, "Karatasi njo inasema hivyo. Watakuja."

Nilijua hawatakuja.

Naandika tena ili usifikiri kalamu imeteleza: nilijua. Mama Eliya, yule kiongozi wa bamama wa Sabato, alikuwa amenicheka kwenye bomba la maji, bantu wote wanasikia: "We Mama Zawadi, ile sanamu yenu inakulaga ugali?" Nilitaka aaibike. Nilitaka Jumatatu ionekane hakuna mtu wao, niseme, muone hao wanaojiita watakatifu. Wewe nilikugeuza chambo. Nikapanda minibasi, nikafika kwangu, nikala maharage, nikalala vizuri sana.

Ulikufa Jumapili, sisi tuko misani tunaimba. Mama wa kitanda cha jirani, Mmalawi, alikuwa anakupa uji wake. Nilipokuja kuchukua vitu vyako aliniangalia juu mpaka chini, akasema neno moja la Kichewa, "Ankadikira." Alikuwa anangoja. Sikumuuliza ulikuwa unangoja nani.

Na wewe nawe! Kwa nini hukupiga kelele? Ungenishika kitenge, ungenitukana, ningebaki. Ulisema lile neno moja, ukageukia ukuta. Ulikuwa na upole wa kijinga, nilikuambia tangu zamani. Upole wako na ubaya wangu vimesaidiana kukuua, njo ushirikiano pekee uliofanikiwa mwaka ule.

Mazishi yako yalikuwa aibu. Kwaya tatu, kila moja inataka kufunika nyingine. Bantu ambao hawakukuletea kikombe cha maji walikuletea jenereta na mikrofoni. Pasta akasema umetuunganisha. Nikasimama mbele ya kaburi nikanyoosha kidole: "Bamama wa Sabato njo wamemuacha huyu." Mama Eliya alilia mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, akakiacha chini. Kanisani kwao wakamvua kazi. Tangu hapo, kila kanisa na mgonjwa wake. Kanisa lenye bamama wachache, wagonjwa wake wanaoza.

Kwenu wamebaki bamama wanne wenye nguvu. Wengine wako Mponela kutafuta kibarua. Wanne hawawezi kukaa na Divine miezi miwili. Wakaja kwangu. Nikaona hakuna Msabato atakayekubali kupokezana na sisi mpaka mi nitapike lile nililomeza.

Jumanne nikaita bamama wa makanisa yote matatu kwenye uwanja wangu. Bapasta nikawakataza. Nikasema kama nilivyokuandikia hapa, sikupunguza. Mmoja wa kwenu akasema, "Kumbe matanga tulikula na mchawi." Mama Eliya safari hii hakulia. Akasema, "Batoto yangu wanaitwa batoto ya muuaji mpaka leo. Kazi nitafanya. Mkono wako sitashika."

Nikasema, sawa. Tukaanza kazi.

Tulianza na swali ambalo wanaume hawakuuliza: siku gani huwezi? Mama Divine, ungecheka. Jumamosi yao sisi tuna nafasi. Jumapili yetu na yenu wao wana nafasi. Kitu tulichogombania miaka yote njo kilikuwa kinaziba tundu, na sisi tukakitupa. Halafu tukasema, hakuna kuondoka mpaka mwenzako aweke mfuko wake chini na umuone kwa macho. Karatasi haipokei mgonjwa. Sala iwe fupi, na wimbo achague aliyelala. Hakuna kumbatiza mtu asiyeweza kukimbia. Mama Eliya akasema kambale kwao ni mwiko, asiingie kwenye sufuria ya zamu yao; nikasema basi mlete dagaa, si mdomo tu. Walicheka wote isipokuwa yeye. Na mwenye ugomvi auseme pale uwanjani, mbele yetu, kabla hajapanda gari.

Pasta wenu alikuja mwishoni kuuliza asaini wapi. Nikamwambia alete mkaa.

Kesho Ijumaa naanza mimi, mpaka Mama Eliya afike Jumapili mchana, maana Sabato yao ikiisha usiku hakuna gari. Divine ameambiwa. Alijibu kwenye simu, "Afadhali nilale kwenye mavi yangu." Wewe ulimzaa, lakini mdomo aliuchukua kwangu. Asinipende. Nitampikia. Akinitemea mate nitajipangusa na nitaendelea.

Msamaha sikuombi. Nani amenipa ruhusa ya kumsumbua mtu aliyekufa akingoja? Hata mtoto akizaliwa wasimwite jina langu.

Lala sasa, Mama Divine. Nakuahidi kitu kimoja, si kikubwa. Jumapili, wenzangu wakianza kuimba huku, mi nitakuwa Lilongwe nasugua mgongo wa mtoto wako, na sitatazama mlango.

Mama Zawadi