Jeneza Halikufunguliwa

Kampala, Jumapili mchana

Dada yangu Nasimiyu,

Kabla hujasoma zaidi, ingia chumbani ufunge mlango. Nakuomba, kwa kuwa tulinyonya titi moja, neno lolote la humu lisitoke kinywani mwako. Mama asijue. Shemeji umwambie tu kwamba niko salama, maana yeye akisikia jambo asubuhi, jioni liko buchani. Ukimaliza kusoma, barua hii itie jikoni iungue. Sikuandika kwa simu kwa sababu utakazoziona, na ndiyo maana nimempa mama huyu wa kanisani anayepitia Malaba akuletee mkononi.

Hamjambo nyote? Goti la Mama limepata nafuu, au bado anapanda kilima na magunia kama kijana? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mimi mwili ni mzima. Usingizi ndio haba.

Unajua nilipata ukarani katika idara ya sheria ya chuo kimoja cha binafsi, huku upande wa Kyambogo. Bosi wangu ni mhadhiri, nami nitamwita Dokta tu. Anafundisha sheria ya ushahidi: mahakama ipokee nini, ikatae nini. Anafundisha vizuri hata mimi nilikuwa nasimama mlangoni na mafaili yangu kumsikiliza. Lakini nje ya darasa ana mambo yake. Hujirekodi video akaziweka mtandaoni, na wanaomfuata ni wengi kweli. Aliwahi kusema taa mpya za barabarani zinasikiliza mazungumzo ya watu. Aliwahi kusema maji ya ziwa yanapandishwa na kushushwa na watu fulani, kwa mlango uliofichwa chini. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia simu akirekodi. Nilichukulia kwamba ni tabia za wasomi. Mmoja hunywa, mwingine hufuga njiwa. Wala si mtu mkali. Akinunua njugu hunigawia, na huniita "binti yangu" kwa Kiswahili chake cha kujifunza.

Mwaka huu hosteli moja ya wanafunzi iliporomoka wakati wa mvua. Miongoni mwa waliokufa alikuwa Denis, mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili. Baba yake ni sajini mstaafu. Asili yao ni kaskazini, lakini wanaishi Makindye, chini ya kambi ya jeshi. Ofisi za huku zikifiwa humtuma mtu na rambirambi, na nilitumwa mimi, kwa kuwa familia za askari husema Kiswahili. Mwili uliletwa nyumbani kwa maombi kabla ya kusafirishwa kwenda kuzikwa kwao.

Hapo ndipo nilipojikwaa, dada. Kwetu hakuna anayefukiwa kabla watu hawajapanga mstari wakamtazama uso, hata majirani waliokosana naye. Pale Makindye maombi yalikwisha, jeneza likapakiwa garini bila kufunguliwa. Mama yake alikuwa ameweka mkono juu ya kifuniko muda wote. Niliporudi ofisini Dokta akaniuliza msiba ulikuwaje. Nikamjibu kama mtu anayezungumzia mvua:

"Ulikwenda vizuri, ila hawakufungua jeneza."

Akaweka kikombe chini. "Hawakufungua?"

"Hawakufungua, Dokta."

"Binti yangu, hebu sema tena, polepole."

Wiki hiyohiyo alitoa video. Safari hii hakuniita kumshikia simu. Alisema hakuna mtu aliyekufa katika hosteli ile, kwamba vijana wamefichwa nje ya nchi na wazazi wamenunuliwa ili walie mbele ya kamera. Akasema anaye shahidi wa macho, mtu wa ofisini kwake, aliyeona jeneza lililofungwa.

Hakunitaja. Hakuhitaji, maana ofisi ile ni yake na mimi basi. Wanafunzi walianza kwa utani. "Shahidi! Shahidi wa jeneza! Hata kabati hii imefungwa, nani yumo?" Nilicheka nao. Kisha kijana nisiyemjua akanipiga picha nje ya nyumba niliyopanga mtaa wa Banda, na picha ikatokea mtandaoni na jina langu lote chini yake. Wengine waliniita shujaa. Wengine waliandika kwamba nisipoapa, basi nami nimenunuliwa, na kwamba nyumba ninayolala wanaijua. Laini yangu ya simu niliitoa nikaivunja. Ndiyo maana ukipiga hunipati.

Dokta akaniandalia hati ya kiapo, yaani maelezo ambayo mtu huyaapia mbele ya kamishna wa viapo kuwa ni kweli, na akidanganya anaweza kufungwa. Yalikuwa mafupi. Kwamba mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu. Kwamba nilitumwa msibani. Kwamba nilikuwapo tangu mwili ulipofika hadi ulipoondoka. Kwamba jeneza halikufunguliwa. Kwamba sikuona maiti yoyote.

"Nionyeshe uongo," alisema.

Nilisoma mara mbili. Uongo haukuwamo.

"Basi Jumatatu twende kwa kamishna. Na barua ya kibali chako cha kazi hii hapa, tukirudi naisaini." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekukumbusha mwavuli. Lakini kibali changu kinakaribia kwisha, na bila sahihi yake sina kazi wala ruhusa ya kukaa huku.

Jumamosi nikaenda Makindye. Sikuwa na mpango. Nilimkuta Mama Denis anakaanga mihogo mbele ya nyumba.

"Karibu. Nikutilie pilipili?"

"Sikuja kununua, mama. Natoka chuoni. Mimi ndiye niliyeleta rambirambi."

Akanitazama. "Wewe ndiyo ile musichana ya Kenya? Ile inasema sanduku haikufunguliwa?"

"Ndiyo, mama."

"Kaa."

Nilikaa. Nilitazama mafuta yale yanavyochemka, nikahesabu kwamba yanaweza kunimwagikia wakati wowote.

"Watu inanipigia simu kila siku," akasema. "Moja inasema, mama, toa mutoto pahali ulificha. Ingine inacheka tu. Ile ya jana inasema Denis iko Dubai. Nikauliza, sasa mbona haipigii mama yake simu? Denis hawezi maliza siku mbili bila kuniomba kitu."

"Dokta anataka niape, mama."

"Apa. Si ni kweli? Sanduku haikufunguliwa. Mimi ndiyo nilikataa." Akageuza mihogo. "Mimi na shangazi yake tulimuosha kule mochwari. Uso ilikuwa imeharibika. Na mutoto yule alipenda kioo! Asubuhi anasimama hapo mpaka baba yake anapiga kelele, wewe ni bibi harusi? Sasa niite Makindye yote iangalie? Nikasema hapana. Aende na uso ile watu inajua."

Kisha akanipa muhogo kwenye gazeti, nikala kwa sababu sikujua la kufanya na mikono.

Jumatatu nilimwambia Dokta nitaapa, ila aongeze aya moja: kwamba mama wa marehemu aliniambia yeye mwenyewe alimwosha mwanawe, na yeye ndiye aliyekataa jeneza kufunguliwa. Dokta akatabasamu, tabasamu lake la darasani.

"Hiyo ni habari ya kusikia, binti yangu. Wewe hukumwosha. Mahakama haipokei ulichoambiwa na mtu."

"Basi aje aape mwenyewe. Yeye alikuwapo."

"Yeye ni sehemu ya mchezo."

"Umewahi kumwona, Dokta?"

"Sina haja ya kumwona." Akanisogezea kalamu. "Saini. Kila neno ni kweli."

"Ndiyo, Dokta. Kila neno ni kweli."

Nikairudisha kalamu juu ya hati. Ikabingirika hadi sakafuni, na hakuna aliyeinama kuiokota. Nilichukua sweta yangu nikatoka. Barua ya kibali ilibaki mezani bila sahihi. Jioni hiyo alitangaza mtandaoni kwamba shahidi wake amenunuliwa.

Banda sikurudi tena. Nilienda mahali pekee ambapo hawatafikiri kunitafuta. Mama Denis hakuniuliza maswali mengi, alisema tu, "Chumba iko." Mzee sajini ana jamaa yake wakili huko Mengo, naye ameshauri Mama Denis aape ya kwake kuhusu aliyoyafanya mochwari, nami niape yangu kuhusu niliyoyaona nyumbani, hati mbili ziwekwe pamoja kuijibu video ile. Hapo hakuna habari ya kusikia. Tutakwenda kwa kamishna wiki hii. Kibali kikiisha kabla sijapata kazi nyingine nitarudi nyumbani, na Mama mtamwambia nilikuja likizo. Ninaogopa, dada, sitakuficha. Ninaogopa hata pikipiki ikisimama nje. Lakini nitakwenda.

Nisalimie Mama, na Mjomba anayetulimia shamba la chini, na Shangazi wa dukani aliyenishonea sketi ya ofisini. Mwambie bado inanikaa. Shemeji umpe salamu fupi. Watoto uwabusu.

Ukitaka kunipata, usipige namba ya zamani wala usiandike kupitia chuo. Mpe jibu mama huyuhuyu aliyekuletea barua. Ikilazimu uje mwenyewe, shuka Makindye, teremka barabara iliyo chini ya kambi, usimtaje Dokta kwa mtu yeyote. Uliza anapokaa Mama Denis anayekaanga mihogo. Mwambie unamtafuta msichana anayelala katika chumba cha Denis. Kioo chake bado kiko ukutani, na dirisha linatazama barabara, kwa hiyo nitakuona kabla hujabisha.

Mdogo wako,
Nekesa