Mtego Ulionasa Meza Yako

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo popote ulipo. Sijui pa kukutumia barua hii, kwa hiyo naiandika wazi, anayekufahamu akufikishie.

Unakumbuka kiwandani kwetu Temeke, mwenye mali mpya alipokuwa anapunguza watu, na mitambo ya kujazia soda ikisimama ghafla kila mchana. Wakaleta kile chombo cha kusikiliza mashine zinavyoambiana kwenye waya, na mimi ndiye niliyefundishwa kukitega. Hakiwezi kuhifadhi yote yanayopita, lazima ukielekeze kishike wakati gani. Meneja akaamuru kishike pale tu amri ya kusimama inapotoka. Kikanasa, na kila mara amri ilitoka kwenye meza yako ya kuongozea mitambo.

Wakakuita mhujumu. Uliniangalia mbele ya wote, ukasema kwa upole, "Mdogo wangu, mnanitegea mie. Tegeni kinachotangulia."

Niliomba kubadilisha mtego, wakanikatalia. Jioni ulimuaga Mama kwamba unafuata spea Manzese, na hukurudi.

Kesho yake mitambo iliposimama tena bila wewe, ndipo waliponiruhusu. Nilikitega kishike mashine yoyote inaponyamaza, na kitunze yaliyopita kabla yake. Kumbe mashine ya vifuniko ilikuwa inanyamaza kwanza, ndipo meza yako, kwa usalama, inazisimamisha nyingine yenyewe. Nikaufuata waya wake hadi stoo. Kaka, palikuwa na ile hita ya kuchemshia maji ya chai ya mchana, plagi yake mbovu inatoa cheche ubavuni mwa waya. Ikiwashwa, mashine haisikii chochote ila kelele. Chai tuliyokunywa wote, nawe ukidai tangawizi iongezwe! Nililia palepale stoo.

Hita ikaondolewa kimyakimya. Meneja alisema yaishe, hakumtangazia mtu. Tangu hapo mitambo haijasimama, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana wenzetu wamezisahau siku zile chache za mwanzo, wanaambiana, "Si mnaona? Kaondoka yeye, mitambo imetulia." Nikiwaonyesha karatasi za chombo wanatazama namba wasizozielewa, kisha wananionea huruma, dada anamtetea kakaye. Nina hasira. Mama naye ameacha kuuliza utarudi lini.

Njoo, kaka. Sikuombi urudi kazini. Njoo usimame kwenye meza yako mchana mmoja tu, mitambo ikiwa inakwenda, wakuone.

Ni mimi,
mdogo wako wa kike